Kina na Kangaga: Uchambuzi wa Kisa cha Bwawa Moja la Umwagiliaji Pemba

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu bwawa dogo la umwagiliaji lililopo juu ya bonde moja la mpunga kisiwani Pemba. Katika wiki moja, baada ya masika kumalizika, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, alipokea malalamiko mawili kuhusu bwawa hilo. La kwanza lilitoka kituo cha afya: mtoto wa kiume wa skuli ya msingi alipelekwa na mama yake kwa sababu mkojo wake ulikuwa ukimalizikia na damu, na alipoulizwa anakoga wapi, alilitaja bwawa. La pili lilitoka kwa wakulima: mtoto mwengine, aliyekuwa akiogelea karibu na lango la maji, alishindwa kuupanda ukuta wa tuta, akachoka, akaanza kuzama, na akawahiwa na mkulima aliyemnyooshea mti mrefu. Jina la shehia na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha watoto hao nimeyaacha kwa makusudi.

Malalamiko yote mawili yalijibiwa haraka na kwa nia njema. Wakulima waliweka bango la kukataza kuogelea na wakampa mlinzi wa lango kazi ya kuwafukuza watoto ukutani. Watu wa afya walifika skuli na chuoni, yaani madrasa, kuwaeleza watoto wajiepushe na maji machache yenye majani, kwa kuwa huko ndiko waliko konokono wa kichocho. Kila jibu lilikuwa sahihi kwa tatizo lake, lakini yalipokutana yaliwakimbiza watoto kila upande bila ya kuwaonesha pa kwenda: aliyefukuzwa kwenye kina alijificha nyuma ya kangaga, yaani majani marefu ya majini, na aliyetishwa na kangaga alirudi kwenye kina. Hoja ya uchambuzi huu ni hiyo. Katika bwawa dogo la kujengwa, hatari ya kuzama na hatari ya kichocho hukaa pande zinazopingana, na anayeishughulikia moja bila ya kuitazama nyengine huwa amewahamisha watoto kutoka hatari hii kwenda ile.

Mahali penyewe

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde membamba, na mvua yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya Unguja. Maji ya masika, kati ya Machi na Mei, hushuka vilimani kwa kasi, na mengi yake hukimbilia baharini kabla mkulima hajayafaidi. Mabwawa madogo hujengwa kuyazuia: kijito huzibwa kwa tuta, lango la chuma huwekwa chini ya tuta, na mfereji huyapeleka maji mashambani kwa zamu. Bwawa la kisa hiki ni la aina hiyo. Halikujengwa kwa ajili ya kuogelea, na inaonekana hakuna aliyefikiri, lilipokuwa likijengwa, kwamba watoto wangeliogelea humo. Jambo hilo kwangu ni la kushangaza, kwa kuwa sijapata kuona maji yaliyotuama karibu na skuli yasiyoingiwa na watoto.

Mtu akisimama juu ya tuta ataona sehemu tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ukuta wenyewe, uliopangwa mawe na kupigwa saruji, ambao umeinamia majini kama paa la nyumba. Hapo maji ni maangavu zaidi, hayana majani, na hatua mbili tu kutoka ukingoni yanamzidi mtoto kimo. Ya pili ni upande wa juu, kijito kinapoingilia, ambapo maji hayapiti magoti, chini ni tope laini, na pote pameota kangaga, ndago na yungiyungi. Ya tatu ni ubavu mmoja wenye changarawe na mteremko wa taratibu, ambapo ng'ombe hunywa na wanawake hufua, kando ya njia wanayopita wakulima asubuhi na jioni. Sehemu hii ya tatu haikutajwa na mtu yeyote katika vikao vya mwanzo. Itarudi baadaye.

Jambo jengine la kuzingatia ni kupanda na kushuka kwa maji. Mtoto aliyekulia kando ya bahari anazijua nyakati za maji kujaa na kupwa, na anajua kwamba wakati wa bamvua bahari haifanani na wakati wa maji mafu. Bwawa halina ratiba anayoweza kuisoma. Kina chake hufuata mvua na zamu za mpunga. Jiwe lililokuwa wazi wakati wa kaskazi huwa limefunikwa mara baada ya masika, na mtoto anayerukia alipozoea kusimama hujikuta hana pa kukanyaga. Tena maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, ni mazito kuliko maji ya mvua kwa takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo yanambeba mwogeleaji vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kijana anayejisifu kwamba huogelea baharini kila siku huihisi anapochoka katikati ya bwawa.

Sampuli moja na hukumu yake

Kabla ya malalamiko hayo mawili, swali la usalama wa maji lilikuwa limeshaulizwa na, kwa fikra za wengi, limeshajibiwa. Sampuli ya maji ilichukuliwa ukutani, asubuhi, baada ya siku kadhaa za ukavu, ikapimwa bakteria wa kinyesi aina ya E. coli, na majibu yakarudi mazuri. Kutoka hapo maneno "maji ni salama" yalitembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka yakawa hoja ya kila aliyetaka watoto waachwe waogelee. Inafaa kukieleza kipimo hicho kwa urefu kidogo, kwa sababu hakikuwa kibaya. Kilibebeshwa mzigo usio wake.

E. coli huishi katika utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Akionekana kwa wingi majini, ni ishara kwamba kinyesi kimeingia karibuni, na kwamba vijidudu vya kuharisha vinaweza kuwa vimeingia pamoja nacho. Maji ya kuogelea hayapimwi kwa masharti makali ya maji ya kunywa, ambayo hayatakiwi kuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa maji ya kuogelea, uliotolewa upya mwaka 2021, unayagawa maji katika madaraja manne kwa kutumia bakteria wengine wa utumbo, enterokoki: hadi 40 katika mililita 100, kati ya 41 na 200, kati ya 201 na 500, na zaidi ya 500. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa maji ya maziwa na mito, huhesabu E. coli hadi 500 kuwa bora sana na hadi 1,000 kuwa mazuri. Lakini takwimu zote hizo hazitokani na chupa moja. Zinahusu kiwango ambacho sampuli 95 kati ya 100 hazikipiti, na kanuni za Ulaya zinataka sampuli zisizopungua 16 kabla ya eneo kupewa daraja. Sababu yake inaonekana wazi hapa kwetu: siku ya ukavu, jua la Pemba huua bakteria wengi juu ya maji, na tope hutulia chini; siku ya mvua, kila kilichoachwa na ng'ombe na watu kwenye miteremko huteremka bwawani kwa saa chache. Sampuli ya ukutani baada ya siku za ukavu ilikuwa ni picha ya bwawa likiwa katika hali yake nzuri kuliko zote.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kipimo cha bakteria hakikioni kichocho kabisa. Mayai ya kichocho kinachopatikana Zanzibar hutoka kwa mkojo, si kwa kinyesi, na viluwiluwi vyake, yaani vijidudu vichanga vinavyotoboa ngozi ya mwogeleaji, vinatoka kwa konokono. Maji yanaweza kukosa hata bakteria mmoja wa kinyesi na bado yakawa na viluwiluwi vya kutosha kumwambukiza kila mtoto anayeingia. Na kuhusu kuzama, hakuna chupa itakayosema lolote.

Mambo mengine mawili yaliulizwa na yanastahili kutajwa kwa ufupi. Utando wa kijani unaotanda juu ya maji wakati wa joto unaweza kuwa wa bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Rangi hiyo ikionekana imekusanywa na upepo pembeni, watoto na ng'ombe wazuiwe hapo mpaka itawanyike. Na kwa kuwa mashamba ya mpunga yana panya, mwenye kidonda asiingie majini, kwa sababu homa ya leptospira, inayoenezwa na mkojo wa panya, hupitia kwenye ngozi iliyokatika.

Upande wa kangaga

Zanzibar imefanya kazi kubwa kupambana na kichocho cha mkojo. Kati ya miaka 2012 na 2017 ulitekelezwa mpango wa kutokomeza maambukizi yake Unguja na Pemba, uliounganisha ugawaji wa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mara mbili kwa mwaka kwa jamii nzima, na, katika shehia zilizochaguliwa, uuaji wa konokono na elimu ya kubadilisha tabia. Maradhi yalishuka sana. Yaliyobaki hayakutawanyika sawasawa kisiwani. Yamejikusanya kuzunguka maji fulani, mara nyingi kijito kimoja au dimbwi moja ambalo watoto wa viambo viwili au vitatu hulitegemea. Kwa hiyo mtoto mmoja anayekojoa damu leo ana uzito kuliko alivyokuwa nao zamani: anaonesha mahali.

Mzunguko wenyewe ni huu. Yai linalotoka na mkojo likigusa maji baridi yasiyo na chumvi hupasuka na kutoa kijidudu chenye muda wa saa chache tu kumpata konokono anayefaa. Hapa visiwani konokono huyo ni Bulinus globosus. Akishaambukizwa, baada ya wiki kadhaa huanza kutoa viluwiluwi kwa maelfu, siku hadi siku. Kila kiluwiluwi kina mkia uliogawika ncha, hakifiki milimita moja, na huishi siku moja au mbili kikitafuta ngozi ya mtu; kikiipata, kuipenya ni kazi ya dakika chache. Miezi miwili au mitatu baadaye minyoo iliyokomaa huanza kutaga mayai kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na damu inayoonekana kwenye mkojo ni alama ya mayai hayo kujipasulia njia.

Konokono wa kundi hili hutambulika bila ya darubini. Ukimshika ncha ya gamba ikiwa juu na mlango ukikuelekea, mlango wake huwa upande wako wa kushoto, wakati konokono wengi wengine huwa nao kulia. Alama hiyo, hata hivyo, haitoshi kuhukumu, kwa kuwa wapo ndugu zake wenye gamba kama hilo ambao hawasambazi maradhi hapa. Konokono waliookotwa kwenye kangaga, kwa koleo na glavu, walipelekwa maabara, wakawekwa kwenye maji safi chini ya mwanga, na baadhi yao wakaonekana wakitoa viluwiluwi. Pemba ina bahati katika hilo, kwani Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000, na kazi ya kichocho si ngeni kwake. Changarawe iliyo wazi ilipopekuliwa haikuonekana na konokono wa aina hiyo, na ukutani pia hawakuonekana. Wanapenda maji machache, ya taratibu, yenye majani ya kula na kutagia.

Saa nayo ina hukumu yake. Viluwiluwi vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi mwanga unapokuwa mkali, takriban kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na mayai kwenye mkojo wa mgonjwa nayo huwa mengi zaidi mchana. Watoto wa mkondo wa asubuhi hutoka skuli karibu na saa sita, wakiwa na joto na vumbi. Kwa hiyo aliyebeba mayai na konokono anayetoa viluwiluwi hukutana saa ile ile, katika maji yale yale, na mtoto aliyekuwa mzima jana huingia katikati yao.

Katika mazungumzo ya chuoni, mwalimu wa madrasa alisaidia kuliko vipeperushi vyote. Katazo la kukojoa kwenye maji yaliyotuama kila mtoto wa Pemba amelisikia mapema, na mwalimu aliliunganisha na kichocho kwa maneno machache, akaongeza kwamba anayestanji, yaani anayejisafisha baada ya haja, kwenye ukingo wa bwawa hajatofautiana sana na anayekojoa ndani yake. Ni jambo lililokuwa likikosekana katika elimu ya vyoo, ambayo kwa miaka mingi imezungumzia kinyesi na kuuacha mkojo. Mtu anaweza kuwa na choo kizuri nyumbani, na mtoto wake akawa chanzo cha maambukizi kila anapokoga.

Wapo pia wasioitwa waogeleaji. Kikao cha kwanza kilizungumzia wavulana tu, kwa kuwa wao ndio wanaoonekana wakirukaruka. Wasichana na mama zao husimama majini muda mrefu zaidi, wakifua na kuosha vyombo, wakati mwengine asubuhi nzima mpaka adhuhuri, na viluwiluwi havijali kama mtu anacheza au anafanya kazi. Kwa wanawake kichocho cha mkojo kinaweza pia kudhuru viungo vya uzazi, na dalili zake, kama maumivu na kutokwa na damu, mara nyingi hudhaniwa ni za maradhi ya zinaa, na mgonjwa huona haya kuzieleza. Yeyote anayeandika taarifa ya usalama wa bwawa kama hili na kuweka kichwa cha habari "kuogelea" ajue kwamba amelipunguza tatizo nusu kabla hajaanza.

Upande wa ukuta

Mtoto aliyeokolewa alikuwa akijua kuogelea. Aliogelea, akafika ukutani, na akashindwa kutoka. Saruji iliyokaa chini ya maji kwa miezi huota uteute wa kijani unaoteleza, na mteremko unaomruhusu mtu mzima kushuka kwa tahadhari haumruhusu mtoto aliyelowa kupanda, hasa anapokuwa hana cha kukishika. Kila akijaribu hurudi majini na nguvu zake hupungua. Mabwawa yaliyotandikwa plastiki nzito badala ya saruji yana hatari hiyo hiyo, tena kwa kiasi kikubwa zaidi.

Lango ni hatari ya pili ya upande huu, na haionekani. Likifunguliwa, maji huvutwa kwenye tundu lililo chini wakati juu pametulia kabisa. Mguu au kanga ikinaswa kwenye mdomo wa bomba, uzito wa maji yote ya juu huishikilia, na hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuitoa mpaka lango lifungwe. Mlinzi wa lango alikuwa akilifungua alfajiri au mchana kulingana na zamu, bila ya kuwa na sababu ya kuangalia nani yumo majini.

Namna mtoto alivyookolewa inafaa kufundishwa. Mkulima yule hakuingia majini. Alilala kifudifudi juu ya tuta, akanyoosha mti, akamwambia mtoto aushike. Mara nyingi anayerukia kumwokoa mwenzake hukumbatiwa shingoni na kuzama naye, na katika misiba ya namna hiyo huzikwa wawili. Alipotolewa, baadhi ya watu walitaka kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Hilo halisaidii na hupoteza muda. Aliyezama akiwa hapumui anahitaji pumzi kwanza, apuliziwe mdomoni pua ikiwa imebanwa, kisha akandamizwe kifua, na kazi hiyo iendelee mpaka apumue au msaada ufike. Anayepumua alazwe ubavu na apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia baada ya saa kadhaa.

Bango, na kilichofuata

Bango la kukataza kuogelea lilisimamishwa juu ya tuta, na kwa siku za mwanzo ukuta ulikuwa mtupu. Wakulima waliridhika. Watoto walikuwa wamehamia nyuma ya kangaga, ambako mlinzi hawaoni, na kwa kuwa hawaonekani, hakukuwa tena na mtu mzima wa kuwawahi. Hilo lilipogunduliwa, watu wa afya walipeleka elimu yao ya konokono, na elimu ikafanya kazi: baadhi ya wavulana waliogopa, wakarudi ukutani wakati wa jioni, mlinzi akishaondoka. Mzee mmoja wa bonde aliuliza katika kikao, "Bwana Afya, sasa nyinyi mnawataka wakoge wapi?" Swali hilo ndilo lililobadilisha mwendo wa kisa, kwa sababu mpaka wakati huo kila upande ulikuwa umesema wapi wasikoge.

Palihitajika kwanza kukubaliana ipi itangulie. Maoni yangu, niliyoyatoa kikaoni na ambayo bado ninayashikilia, ni kwamba kuzama kutangulie. Kichocho kinadhuru, na kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Lakini kina dawa inayotolewa kwenye kituo cha afya, na muda wa kuitumia upo. Kuzama humaliza jambo kwa dakika chache. Msimamo huo haukuwa ruhusa ya kuwaelekeza watoto kwenye kangaga wakasubiri dawa. Prazikwanteli, inayotolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa tu. Minyoo michanga hubaki na kuendelea kukua, na mtoto akirudi kwenye maji yale yale ataambukizwa tena, kwani dawa haiweki kinga.

Kazi ya ukutani ilikuwa rahisi na ya gharama ndogo. Kamba nene zenye mafundo zilifungwa kwenye nguzo juu ya tuta na kuachwa ziteremke mpaka ndani ya maji, kila baada ya hatua chache, ili anayeanguka apate cha kushika. Wavu wa chuma uliwekwa mbele ya tundu la lango, mbali kidogo na mdomo wake ili mvuto usiwe mkali, na ikaamuliwa kwamba hautasafishwa ila lango likiwa limefungwa. Upondo, kama ule wa kuongozea ngalawa, pamoja na dumu tupu lenye kifuniko kilichokazwa na kamba ndefu, viliwekwa mahali pa wazi. Palikuwa na wasiwasi kwamba dumu litaibiwa, na kwa kweli la kwanza liliibiwa. Likawekwa jengine badala yake.

Upande wa kangaga kazi ilikuwa ngumu zaidi. Pendekezo la kumwaga dawa ya konokono, niklosamaidi, lilipingwa na wakulima kwa sababu dawa hiyo huua samaki pia, na bwawa lilikuwa na perege na kambare wanaoliwa. Pingamizi lao lilikuwa la haki. Walichokubaliana ni kuitumia kwenye ukingo wenye konokono peke yake, maji yakiwa yamepunguzwa na samaki wakubwa wameshavuliwa, chini ya wataalamu wa wizara, na watu wakizuiwa kuingia. Kupunguza maji peke yake kusingetosha, kwa kuwa Bulinus hujizika topeni na kungoja mvua kwa miezi; na kwa kuwa konokono mmoja ana jinsia zote mbili na anaweza kuzaa bila ya mwenzake, anayenusurika mmoja anatosha kuanzisha kizazi. Kangaga zilikatwa na kutolewa nje. Hapo ilibidi kuwakumbusha wakataji kwamba wao wenyewe ndio waliokuwa wakienda kusimama kwenye maji yenye maambukizi: walivaa mabuti marefu ya mpira, walianza alfajiri na kutoka kabla ya saa tatu, na majina yao yakaandikwa ili wapimwe mkojo baadaye.

Ndipo ubavu wa changarawe ukapata kutajwa. Una mteremko wa taratibu, hauna majani, upo mbali na lango, na wapita njia wanauona. Ng'ombe walihamishiwa upande wa chini wa mfereji ili kinyesi chao kisiingie bwawani. Kamba yenye madumu madogo ilizungushwa kwenye kina cha kifua cha mtoto wa miaka kumi, na nguzo iliyopakwa rangi ikasimamishwa. Maji yakifika alama nyekundu, kamba husogezwa karibu na ukingo. Choo cha mkojo kilijengwa pembeni ya njia. Hata hivyo, hapakutangazwa kuwa salama. Viluwiluwi huchukuliwa na upepo juu ya maji, na bwawa dogo halina ukuta wa kuutenga upande mmoja na mwengine. Kilichotangazwa ni kwamba hapaingiwi mpaka konokono waliookotwa upya kandokando ya bwawa lote wapimwe bila ya kutoa viluwiluwi na watoto wote wa skuli wamepewa dawa, na kwamba hata baada ya hapo kuogelea kuwe asubuhi mapema au alasiri, mbele ya mtu mzima. Kwa kipindi cha kungojea, na kwa ajili ya kufua, liliwekwa tangi linalojazwa na kufunikwa, maji yakikaa humo siku mbili kamili kabla ya kutumiwa, muda unaotosha viluwiluwi kufa, mradi konokono asipate njia ya kuingia.

Jambo lililobishaniwa kwa muda mrefu kuliko yote lilikuwa la nani ataendelea. Sheha alitaka kamati mpya ya usalama wa bwawa, mwalimu akataka iwe kazi ya skuli, na watu wa afya walikiri kwamba gari lao haliwezi kufika kila mwezi. Kangaga hurudi baada ya kila masika, kamba huoza kwa jua, na wavu huziba kwa majani. Mwishowe wakulima walikataa kamati. Walisema wanalo daftari la zamu za maji, linalofunguliwa kila siku na kuaminiwa na kila mtu kwa kuwa ndani yake mna riziki yake, na kwamba kazi isiyoandikwa humo haifanywi. Ukurasa wa zamu uliongezwa safu tatu: kukata majani ukingoni, kukagua kamba na wavu, na kuangalia majini kabla ya kufungua lango. Anayeruka safu yoyote kati ya hizo hukosa zamu yake ya maji inayofuata.